Kufungua hedifoni za bei nafuu: Sauti hubadilika, lakini je, huboreka?

Mwenye hedifoni za bei nafuu asiyeridhika na sauti yake ana njia tatu: kuzivumilia, kununua nyingine ghali, au kuchukua bisibisi na kuzifungua. Njia hiyo ya tatu ina wafuasi wengi kote duniani. Wao huondoa sponji iliyowekwa na kiwanda, hujaza pamba ndani ya vikombe vinavyofunika masikio, hutoboa matundu mapya au kuyaziba yaliyopo, hubadilisha mito na hata nyaya. Baadhi yao hushikilia kwamba pamba ya shilingi chache yaweza kuifanya hedifoni ya bei ya chini itoe sauti sawa na inayouzwa kwa bei mara kumi ya hiyo.

Dai hilo lina ukweli ndani yake, ila si ukweli wote. Sauti hubadilika, tena kwa kiwango kinachoweza kupimwa kwa mitambo. Tatizo ni kuwa kubadilika si lazima kuwe kuboreka, na sikio la mtu aliyeshinda Jumamosi nzima akikata na kubandika halifai kuwa shahidi katika kesi yake mwenyewe.

Ufundi huu wa nyumbani haukuanza jana. Nathaniel Baldwin, fundi wa jimbo la Utah nchini Marekani, aliunda hedifoni zake katika jiko la nyumba yake, na mnamo 1910 Jeshi la Majini la nchi hiyo likaziagiza. John Koss wa Milwaukee alifuata mwaka 1958 kwa hedifoni za kusikilizia muziki wa stirio. Miaka 10 baadaye, mwaka 1968, kampuni ya Sennheiser ya Ujerumani ikatoa HD 414, ambayo vikombe vyake havikuzibwa kwa nyuma bali viliachwa wazi ili hewa ipite. Wazo hilo la kuiachia hewa njia au kuinyima ndilo msingi wa karibu kila kitu ambacho mtu hufanya leo akiwa na hedifoni zilizofunguliwa juu ya meza.

Siri imo hewani

Ndani ya kila kikombe cha hedifoni mna spika ndogo. Katika hedifoni nyingi za bei ya chini, spika hiyo ni kiwambo chembamba cha plastiki kilichogundishwa kwenye koili ya waya, nayo koili imekaa ndani ya nguvu za sumaku. Umeme wa muziki unapopita katika koili, koili husogea mbele na nyuma, nacho kiwambo hufuata na kuisukuma hewa. Fundi wa nyumbani hawezi kuunda kiwambo kipya wala kuongeza nguvu za sumaku. Anachoweza kukigusa ni hewa: ile iliyofungiwa baina ya kiwambo na sikio, ile iliyo nyuma ya kiwambo, na matundu yanayoiunganisha na hewa ya nje.

Hapo ndipo marekebisho yenye maana yanapotengana na yale ya kujifurahisha tu. Rekebisho linalogusa hewa husikika. Lisilogusa hewa aghalabu halisikiki hata kidogo.

Mfano wa karibu zaidi ni mito. Sauti nzito, yaani besi, huhitaji hewa iliyo mbele ya kiwambo isivuje. Mwanya mdogo kati ya mto na shavu hutosha kuipunguza besi kwa desibeli kadhaa, na katika hedifoni zilizozibwa nyuma hasara hiyo yaweza kupita desibeli 10. Mwanya wenyewe hutokana na mambo ya kawaida mno: ngozi bandia iliyobambuka, miguu ya miwani, misuko minene ya nywele, kitambaa cha hijabu. Mtu hulalamika kwamba besi imekufa na spika imechoka, kumbe ni mito iliyochakaa. Kwa mtu kama huyo, mito mipya inayoenea sawasawa ni rekebisho lililo bora kuliko mengine yote, na halihitaji hata chuma cha kulehemu.

Hata hivyo, mto si vazi tu. Unene wake huamua umbali kati ya spika na sikio. Uwazi wake wa katikati huamua ukubwa wa chumba cha hewa. Ngozi bandia huirudisha sauti, ilhali mahameli huinyonya na kuivujisha. Anayevua mito ya ngozi bandia na kuvisha ya mahameli ili aepuke jasho, huenda akashangaa kwamba masikio yamepoa lakini besi nayo imeondoka.

Wapenzi wa hedifoni za Grado walilitambua jambo hili mapema. Kampuni hiyo, iliyoanzishwa na Joseph Grado mtaani Brooklyn, New York, mwaka 1953, iliuza SR60 kama mojawapo ya hedifoni zake za bei ya chini, na mito yake ilikuwa sponji tupu iliyofunika spika. Watu wakachukua sarafu ya robo dola, yenye kipenyo cha milimita 24 hivi, wakaiweka katikati ya sponji na kukata tundu kwa kuizunguka. Sauti nyembamba zilizokuwa zikinyonywa na sponji zikapita bila kizuizi. Aliyeona kwamba SR60 ilikuwa na ukungu katika sauti alipata alichokitafuta. Aliyeona kwamba matoazi yake tayari yalikuwa makali alijiongezea adhabu. Tundu ni lile lile, na kipimo cha mtambo kingeonyesha badiliko lile lile kwa wote wawili.

Hedifoni iliyozaa kampuni

Pengine hakuna hedifoni iliyofunguliwa na kufanyiwa majaribio mengi kuliko Fostex T50RP ya Japani. Kiwambo chake si cha koili ya kawaida. Ni utando bapa wenye njia za umeme zilizochapishwa juu yake, ulioning'inizwa baina ya sumaku. Muundo huo hupatikana aghalabu katika hedifoni za bei ya juu. Audeze LCD-2, ambayo ni ya aina hiyo, ilikaribia dola 1,000. Kwa miaka mingi T50RP iliuzwa kwa chini ya dola 200.

Kasoro zake hazikuwa katika utando. Vikombe vyake vya plastiki vilikuwa vyepesi na vikivuma pamoja na muziki, na mito yake myembamba haikuziba vizuri. Kwa maneno mengine, kiwanda kilitoa spika nzuri ndani ya nyumba mbovu. Wafuasi wa ufundi huu wakaipaka plastisini ndani ya vikombe ili viwe vizito visivume, wakaweka pamba nyuma ya spika ili iyanyonye mawimbi yanayorudi, wakaziba sehemu ya matundu, kisha wakavisha mito minene.

Dan Clark wa California alianza hivyo. Alianzisha kampuni ya MrSpeakers na kuuza T50RP zilizorekebishwa kwa jina Mad Dog. Kampuni hiyo iligeuza jina kuwa Dan Clark Audio mwaka 2019, na huunda hedifoni zake yenyewe za bei ya juu. Zach Mehrbach, mwasisi wa kampuni ya ZMF ya Chicago, naye alianza kwa kuirekebisha hedifoni iyo hiyo. Ni vigumu kwa yeyote kusema kwamba kazi ya nyumbani haina tija ilhali watu wamejenga viwanda juu yake.

Lakini mfano huu hunukuliwa vibaya mara nyingi. T50RP iliboreka kwa kuwa ilikuwa na kasoro inayojulikana, iliyo mahali panapofikika, na kwa kuwa kila hatua iliweza kupimwa kwa maikrofoni kabla na baada ya hatua hiyo. Gramu chache za pamba zikizidi, besi hunyauka. Zikipungua, mvumo hurudi. Upande wa kushoto ukipata pamba nyingi kuliko wa kulia, mwimbaji aliyerekodiwa akisimama katikati huhamia pembeni. Mtu aliyejaza pamba kwa kukadiria kwa vidole hafanyi kazi aliyoifanya Clark, hata kama pamba ni ile ile.

Kinyume cha T50RP ni kisa cha Sennheiser HD 555. Waliofungua hedifoni hiyo walikuta ndani ya kikombe kipande cha sponji kilichoziba sehemu ya matundu ya nyuma, kipande ambacho HD 595, dada yake wa bei ya juu, haikuwa nacho. Uvumi ukaenea kama moto wa nyikani: eti kampuni ilichukua hedifoni moja, ikaiharibu kwa sponji na kuiuza kwa bei ya chini, na kwamba kukibandua kipande hicho ni kujipatia HD 595 bure. Hadithi hiyo ni tamu kwa sababu inamfanya mnunuzi maskini kuwa mjanja kuliko kampuni kubwa. Kinachoweza kusemwa kwa hakika ni kidogo zaidi. Kuondoa sponji hubadilisha hewa iliyo nyuma ya kiwambo, na kwa hivyo besi huguswa kidogo. Hakukibadilishi kiwambo chenyewe, na hakuna awezaye kuthibitisha kwa macho kwamba spika mbili zinazofanana kwa umbo zimeundwa sawa.

Lipo pia rekebisho dogo lisilo na hadithi, ambalo huenda ndilo la maana kuliko mengi. Superlux HD 681, hedifoni ya kampuni ya Taiwan inayosifiwa kwa bei yake, ina ukali wa sauti unaokwaruza katika masafa ya kuanzia hezi 8,000 hivi, pale zinapokaa herufi "s" za waimbaji. Watumiaji hukata duara la karatasi ya shashi na kuliweka mbele ya spika, chini ya mto. Mawimbi mafupi ya sauti nyembamba hupoteza nguvu kidogo yakipenya nyuzi za karatasi, ilhali besi hupita bila kuguswa. Tabaka moja likiwa dogo, huongezwa la pili. Lisipofaa, hutupwa. Halina gharama, halivunji kitu, nalo linalenga kasoro mahususi.

Nyaya na shaba

Biashara kubwa zaidi katika uwanja huu ni ya nyaya. Hapa hesabu inatosha. Waya wa kawaida wa hedifoni, tuseme, una ukinzani wa nusu omu. Ukiunganishwa na hedifoni ya omu 32, nguvu inayopotea njiani huipunguza sauti kwa takriban desibeli 0.13. Hata waya huo ukibadilishwa na mwingine usio na ukinzani wowote, jambo ambalo fedha wala dhahabu haiwezi kulifanya, faida yote itakuwa hiyo desibeli 0.13, ambayo hufidiwa na zaidi kwa kubonyeza kitufe cha sauti mara moja. Kubadilisha waya uliokatika ni ukarabati wa lazima. Kubadilisha waya mzima ili sauti "ifunguke" ni sadaka kwa muuza waya.

Vivyo hivyo kwa desturi ya kuziacha hedifoni mpya zikicheza kwa saa 100 ili eti "zikomae". Mito hulainika kwa kuvaliwa na kuziba vyema zaidi, na msikilizaji huizoea sauti aliyoiona ngeni siku ya kwanza. Kinachokomaa zaidi ni mazoea yake.

Kwa nini sikio hudanganyika

Ikiwa badiliko ni dogo hivyo, mbona wengi huapa kwamba wamesikia tofauti kubwa? Si kwamba ni waongo. Kumbukumbu ya binadamu kuhusu undani wa sauti hudumu kwa sekunde chache tu, ilhali kufungua hedifoni, kuzirekebisha na kuzifunga tena huchukua dakika 30 au zaidi. Anayesikiliza baada ya hapo hailinganishi sauti mpya na ya zamani. Huilinganisha na anavyodhani ilikuwa.

Isitoshe, kiwango cha sauti kikipanda kidogo tu, msikilizaji huiona sauti kuwa nzuri zaidi wala hatambui kwamba ni kubwa zaidi. Harvey Fletcher na Wilden Munson wa maabara ya Bell nchini Marekani walionyesha mwaka 1933 kwamba kadiri sauti inavyopungua ndivyo sikio linavyopoteza besi kwanza. Rekebisho lolote linaloongeza sauti kwa desibeli moja au mbili litaonekana limeongeza na utamu, hata kama halikufanya lingine lolote.

Dawa ya udanganyifu huo ni rahisi, na inastaajabisha kwamba ni wachache wanaoitumia: kikombe kimoja kirekebishwe, cha pili kiachwe jinsi kilivyotoka kiwandani. Kisha uchezwe wimbo katika hali ya mono, yaani sauti ile ile kwa masikio yote mawili, na hedifoni zigeuzwe kichwani mara kadhaa ili kila sikio lipate zamu ya kila kikombe. Hapo kumbukumbu haihitajiki, kwa kuwa ya zamani na mpya zinasikika kwa wakati mmoja. Mwenzake wa nyumbani akizigeuza huku msikilizaji amefumba macho, jaribio huwa bora zaidi. Marekebisho mengi yanayosifiwa hayawezi kulipita jaribio hili. Mito na karatasi ya shashi hulipita.

Swali gumu zaidi ni lile la sauti nzuri ni ipi. Sean Olive na Todd Welti wa kampuni ya Harman ya Marekani walilichunguza katika tafiti walizoanza kuzichapisha mwanzoni mwa miaka ya 2010, wakiwasikilizisha watu sauti mbalimbali bila kuwajulisha wanasikiliza hedifoni gani. Walibaini kwamba wengi hupenda sauti inayokaribiana na ya spika nzuri zilizowekwa ndani ya chumba: besi iliyoinuka kiasi, na kilima karibu na hezi 3,000, ambapo sikio la binadamu lenyewe huikuza sauti kwa umbo lake. Kwa hivyo rekebisho linaloisogeza hedifoni kuelekea mchoro huo lina nafasi nzuri ya kupendwa na wengi, na linaloiondoa huko litampendeza aliyelifanya peke yake.

Mwaka 2017, mtafiti Jeroen Breebaart alilinganisha vipimo vya hedifoni 283 na bei zake na asipate uhusiano wowote kati ya bei na jinsi hedifoni inavyogawa besi, sauti za kati na nyembamba. Habari hiyo ina makali mawili. Inamliwaza mwenye hedifoni ya bei ya chini kwamba huenda tayari anayo nzuri. Pia inamnyang'anya sababu ya kudhani kwamba kuifananisha yake na ya bei ghali ni kuiboresha.

Bisibisi isiyoonekana

Anayetaka kubadilisha mgawo huo wa sauti hana haja ya kufungua skrubu hata moja. Programu ya ikwalaiza hufanya kazi iyo hiyo kwa hesabu. Equalizer APO hutumika bila malipo katika kompyuta za Windows, na simu nyingi huja na ikwalaiza yake. Mradi wa AutoEq wa Jaakko Pasanen hutoa, pia bila malipo, mipangilio ya maelfu ya hedifoni iliyokokotolewa kutokana na vipimo vya mitambo. Ukali wa HD 681 hupunguzwa kwa kutaja masafa na idadi ya desibeli, kwa usahihi ambao karatasi ya shashi haiwezi kuufikia, na asiyependezwa huifuta mipangilio kwa mara moja.

Nayo ina mipaka. Ikwalaiza haizibi mto unaovuja. Kuongeza besi kwa desibeli 6 hudai nguvu mara nne, na kiwambo kidogo cha bei ya chini huanza kukoroma. Ni heri kupunguza yaliyozidi kuliko kuongeza yaliyopungua. Aidha, mipangilio hiyo ilipimwa kwa hedifoni halisi. Aliyeuziwa bandia yenye nembo ya kampuni maarufu, na bandia si haba katika maduka ya jijini Nairobi licha ya Kenya kuwa na sheria ya kupambana nazo tangu 2008, anatumia dawa ya mgonjwa mwingine.

Hedifoni zisizo na waya zinafaa kuachwa zilivyo. Sauti yake imekwisha kupangwa na kifaa cha kielektroniki kilicho ndani, na zile zinazozima kelele hutegemea mito ya unene maalumu. Ikibadilishwa, hesabu yote huvurugika. Ndani yake mna betri ya lithiamu, ambayo ikitobolewa kwa bisibisi huweza kuwaka moto.

Kwa wanaoshikilia kutoboa, lipo jambo moja ambalo ramani za marekebisho hulisahau. Hedifoni iliyotobolewa nyuma huruhusu kelele za nje kuingia. Ndani ya chumba tulivu hilo halina neno. Ndani ya matatu, msafiri huongeza sauti ili kuishinda injini, honi na muziki wa gari lenyewe. Kiwango kilichotolewa mwaka 2019 na Shirika la Afya Duniani pamoja na Muungano wa Kimataifa wa Mawasiliano huruhusu mtu mzima desibeli 80 kwa saa 40 kwa juma. Kila ongezeko la desibeli 3 huukata muda huo kwa nusu: desibeli 83 ni saa 20, desibeli 86 ni saa 10, na desibeli 89 ni saa tano, ambazo ni saa moja tu kwa kila siku ya kazi, kwenda na kurudi.